Gari lenye mbio kwa matumizi ya kila siku: kabla ya kutoa fedha, fungua rejeta

Kwa zaidi ya mwaka sasa wasomaji wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wamekuwa wakiniletea malalamiko yanayofanana kama mapacha. Mtu amejinyima miaka kadhaa, amelipata gari alilolitamani tangu ujana, lenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) au lenye injini ya silinda sita, amelifurahia wiki mbili, kisha limechemsha njiani na fundi amemwambia kwamba silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, imepinda. Nawaelewa vizuri, kwa sababu yalinikuta mwaka 2019. Nilinunua saluni ya turbo katika yadi moja jijini Dar es Salaam kwa shilingi milioni 16. Bodi ilikuwa inang'aa, kiyoyozi kinapuliza, na nililiendesha nusu saa bila kusikia mlio wowote wa kutia shaka. Wiki ya tatu nilikuwa nakwenda msibani Iringa, na katikati ya mlima Kitonga mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti.

Gari lilikokotwa hadi Iringa mjini, na fundi aliyelifungua aliniita nisogee nione kwa macho yangu. Nyumba ya thamostati, vali inayoongoza maji ya kupozea injini, ilikuwa tupu. Mtu alikuwa ameing'oa thamostati, akapaka silikoni nyekundu kuzunguka kingo, akafunga boliti na kuuza gari. Maji aliyoyamwaga kwenye beseni yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na chini yake kulibaki mchanga laini wa kutu ambao niliusugua kwa kidole ukaacha alama. Matengenezo yalinigharimu zaidi ya robo ya bei ya gari lenyewe.

Ndiyo sababu mwongozo huu hautazungumzia sana ulaji wa mafuta, rangi, redio wala kilomita zilizotembea. Ulaji wa mafuta kila mtu anauulizia, na kilomita zinarudishwa nyuma kirahisi kiasi kwamba sizichukui tena kuwa ushahidi wa jambo lolote. Nitazungumzia mfumo wa kupoza injini, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo wanunuzi wengi hawaikagui na ambayo wauzaji wanaijua vizuri.

Thamostati ni vali ndogo yenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, vali hufungwa na maji huzunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto haraka. Yakifika takriban nyuzi 82 hadi 88, kutegemea aina ya injini, nta hutanuka, vali hufunguka na maji huanza kupita kwenye rejeta. Mafundi wengi wa mitaani huamini kwamba kwa joto la Dar es Salaam kifaa hiki hakina kazi, kwa hiyo gari likichemsha mara moja hukitoa na kumwambia mwenye gari kwamba tatizo limekwisha. Tatizo halijaisha. Kompyuta ya injini ikiona maji hayapati joto hudhani injini bado ni baridi na huendelea kuongeza petroli. Petroli hiyo huingia kwenye oili na kuipunguzia nguvu ya kulainisha, na kwenye gari la turbo, ambalo beringi zake hutegemea oili safi, hasara huanza hapo. Isitoshe, kwenye injini nyingi thamostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji pindi joto linapopanda. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi siku zote na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mjini hutaona lolote, lakini ukipanda Kitonga na mzigo utaona.

Kuna pia suala la maji yenyewe. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na nimeshuhudia gereji zikijaza rejeta kwa maji hayo hayo. Injini za kisasa zina aluminiamu nyingi, na chumvi huila. Kulanti halisi, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ina dawa za kuzuia kutu na huchemka kwa joto la juu kuliko maji matupu, na kifuniko cha rejeta kinachoshika shinikizo ipasavyo hupandisha kiwango hicho zaidi. Kifuniko kipya huuzwa bei ndogo sana madukani, lakini chenye mpira uliopasuka kinaweza kuangusha injini nzima.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji fundi. Fika injini ikiwa baridi kabisa na ufungue kifuniko cha rejeta kwa mkono wako; usikifungue kamwe gari likiwa na moto, kwa sababu maji yatakurukia usoni. Unataka kuona kulanti ya rangi safi, ya waridi, kijani au buluu, isiyo na kutu wala utando wa mafuta. Kisha washa injini na ushike hozi ya chini ya rejeta, ukiziepuka feni na mikanda. Kwenye injini nyingi za Kijapani nitakazozitaja, hozi hiyo inatakiwa ibaki baridi kwa dakika kadhaa huku injini ikipata joto, kisha ibadilike na kuwa ya moto. Hozi mbili zikianza kupata uvuguvugu pamoja tangu mwanzo, shuku kwamba thamostati haipo au imekwama wazi. Usiuamini mshale wa dashibodi peke yake, kwa maana magari mengi ya kisasa yameundwa ili mshale ukae katikati hata joto likipanda na kushuka, na mengine hayana mshale kabisa, yana taa ya buluu na nyekundu tu. Nunua kifaa kidogo cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari, ambacho huchomekwa chini ya usukani na kusomeka kwenye simu. Gari likitembea barabara kuu na joto la maji likabaki nyuzi 65 au 70, umeshapata jibu.

Sasa nije kwenye magari yenyewe, na niseme wazi kwamba naegemea Toyota. Nafasi ya kwanza naipa Mark X ya kizazi cha pili, GRX130, iliyotengenezwa kati ya 2009 na 2019, na hasa yenye injini ya V6 ya lita 2.5. Ina nguvu za farasi 203, gia boksi ya otomatiki ya gia sita, na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Haina turbo, na hilo kwangu ni sifa, kwa kuwa hakuna kifaa cha ziada kinachotia joto chini ya boneti wakati umekwama kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming'i (unaoendesha vali za injini), spea zake zimejaa Kariakoo, na ni nadra kumpata fundi asiyewahi kuifungua. Kasoro yake ni kwamba petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo haipiti kuziosha vali za kuingizia hewa, na masizi hujikusanya. Ikitetemeka ikiwa imesimama, anza uchunguzi hapo. Ipo pia ya lita 3.5 yenye nguvu za farasi 318, lakini kwa kwenda kazini na kurudi siioni sababu ya kuilipia.

Ninayoiendesha leo ni hiyo ya lita 2.5. Niliikuta nyumbani kwa mwenyewe, Tabata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, boneti ikiwa bado na umande. Nilipofungua kifuniko cha rejeta niliona kulanti ya waridi, ile ambayo Toyota hujaza kiwandani, imefika ukingoni na safi kiasi cha kuona mirija ya ndani. Hozi ya chini ilibaki baridi kwa dakika tisa nilizozihesabu kwa saa ya simu. Yule baba alikuwa ametunza risiti za kulanti kwenye bahasha pamoja na kadi ya gari, na nilimlipa bei aliyoitaja bila kumwomba apunguze.

Nafasi ya pili ni Subaru Forester ya turbo, ya kizazi cha SH5, lita 2.0, nguvu za farasi 230. Kwa barabara zetu zenye matuta na mashimo, uwezo wake wa kusimama juu na kuvuta kwa magurudumu yote manne hauna mpinzani katika bei yake, na anayeishi nje ya lami ana haki ya kuiweka juu ya Mark X. Ila silinda za injini hii zimelala ubavu, na turbo iko juu, hivyo maji yakibadilishwa ovyo hewa hubaki ndani na kusababisha ichemke hata ikiwa na rejeta mpya. Ina tungi la pili la maji lenye kifuniko chake karibu na turbo. Muulize muuzaji fundi wake hujazia maji wapi, na asipolijua tungi hilo, usinunue kwake. Mkanda wa taiming'i hubadilishwa kila kilomita 100,000, na wakati huo huo badilisha pampu ya maji na thamostati.

Ya tatu ni Toyota Altezza RS200, iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2005, yenye injini ya lita 2.0 isiyo na turbo inayotoa nguvu za farasi 210 kwenye gia za mkono. Ni gari tamu sana mkononi. Umri ndio unaoiangusha, kwani rejeta na hozi zake za asili zimeshachoka, na nyingi zimepita kwa vijana walioziendesha bila huruma. Ya nne ni Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha 6, nguvu za farasi 210, gari lililotulia barabarani kuliko yote haya. Lakini pampu ya maji na thamostati zake ziko kwenye nyumba moja ya plastiki ambayo inajulikana kwa kuvuja, na oili ya gia boksi yake ya otomatiki, iitwayo DSG, lazima ibadilishwe kila kilomita 60,000. Uwe na fundi anayeijua kabla hujainunua.

Mwenye mfuko mdogo atazame Suzuki Swift Sport ya lita 1.6. Ni nyepesi na inatosha.

Kuagiza mwenyewe kutoka Japani kunaondoa dalali, lakini piga hesabu kwanza kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato). Gari la zaidi ya lita 2 hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 na VAT asilimia 18, na likiwa na umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 kwa uchakavu, au asilimia 30 likizidi miaka 10. Forester ya SH5 na Altezza hazizidi lita 2, lakini zote zimezidi miaka 10, na nyongeza hiyo ya uchakavu inakurudisha kwenye magari yaliyokwisha kutumika nchini.

Na hapo ndipo unapokutana na madalali. Bei aliyoitaja mwenye gari huwekewa cha juu mara mbili au tatu kabla haijakufikia, na kila anayeweka cha juu hulisifia gari ambalo hajawahi kulifungua. Watakwambia injini haijaguswa, gari lilikuwa la mama, halidaiwi. Kinachoniudhi zaidi ni desturi ya kuliwasha gari kabla mteja hajafika, kwa kisingizio cha kuchaji betri, kwa sababu injini yenye moto haikaguliki: rejeta haifunguki, hozi zote ni za moto, na moshi wa asubuhi umeshakwisha. Mwambie muuzaji kwa simu, siku moja kabla, kwamba utafika saa kumi na mbili asubuhi na asiliwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti kabla ya kuulizana habari ya bei, na ukikuta ina joto, mwambie utarudi kesho saa hiyo hiyo.