Kuandika HTML kwa mkono au kuanza na Bootstrap?

Mi naona anayeanza kutengeneza kurasa za wavuti aandike HTML na CSS (lugha za kuunda ukurasa na kuupamba) mwenyewe kwanza, kwenye Notepad tu inatosha, alafu Bootstrap ije baadae. Bootstrap, yaani mafaili ya CSS yaliyoandikwa tayari, iliyotoka 2011, ni nzuri sana jamani, unaweka class="btn btn-primary" na kitufe kinatokea cha bluu kimependeza, ukurasa unakaa vizuri hadi kwenye simu, muda mfupi umemaliza. Shida inakuja ukitaka kitufe kiwe cha zambarau na kisogee kulia kidogo, hapo unabaki unakodolea macho mafaili ambayo hukuandika wewe na hujui ile bluu imetoka wapi. Kwa mkono inachosha, ni kweli, ukurasa wa kwanza unakua mweupe na maandishi meusi basi. Ila ukisahau kufunga alama ya <b> na maandishi yote ya chini yakawa manene, brauza haikwambii kosa liko wapi, unarudi mstari kwa mstari mpaka unakuta </b> haipo, na hiyo husahau tena. Wiki mbili tatu za hivyo zinatosha kabisa kabla ya kugusa Bootstrap.