Kupanda Morungole na ranja wa Kidepo: uzoefu wangu na wifi yangu

Kama unawaza kwenda Kidepo, park ya wanyama kule kaskazini mashariki mwa Uganda, na mfuko wako ni wa kawaida kama wangu, soma hii kabla hujakata tamaa. Nikwambie moja kwa moja, matembezi ya mlima Morungole pamoja na ranja, yani askari wa wanyamapori wa UWA (mamlaka ya wanyamapori Uganda), ni huduma nzuri kuliko zote nilizowahi kulipia Uganda, na Sipi nimefika, Jinja nimefika, Wanale hapa Mbale napanda kila nikipata nafasi. Kazi iko kwenye kufika. Na mtu wa kwenda naye umchague vizuri manake mtakaa kwenye marram, barabara ya udongo, muda mrefu mmebanana na mabegi.

Mimi nilienda na wifi yangu, dada ya mume wangu, mtu hachoki kutembea na hanuni. Kila mtu na begi lake mgongoni, tenti ya kukodi, jiko dogo la gesi, mchele, maharage tuliyochemsha nyumbani tukayakausha, majani ya chai na sukari. Mwanzo tuliulizia kampuni moja ya kutembeza watalii Kampala wakatutajia bei kwa dola, landkruza ya kila siku, hoteli na nini, yani sisi wa kutoka Mbale tunahesabiwa kama tumeshuka na ndege Entebbe jana! Tukaachana nao. Ukweli ni kwamba raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio cha park kwa shilingi na kile anacholipa mgeni wa mbali ni mara nyingi zaidi, kwa hiyo beba kitambulisho chenyewe, usitegemee picha kwenye simu.

Mbale mpaka Moroto barabara siku hizi haina shida, unapita Muyembe, unapita Nakapiripirit, mlima Kadam uko mkono wa kulia muda wote na wifi alikuwa amebandika uso dirishani. Toa pesa taslimu hapo Moroto, toa za kutosha. Kutoka hapo kwenda Kotido na Kaabong ndo utajua uko Karamoja, vumbi, ng'ombe barabarani, vijana na shuka zao na kigoda kidogo mkononi, taksi haiondoki mpaka ijae na ikijaa inaongezwa watu. Msimu wa mvua usijaribu, ule udongo mweusi unanasa gari hata kubwa. Kaabong tulilala, asubuhi boda kuelekea Karenga, mji wa karibu na park. Kiswahili kilitusaidia kuliko nilivyotegemea, wengi wamekizoea kwa wanajeshi na wafanyabiashara wa Turkana, ila ukianza na "ejok", salamu ya Kikaramojong, watu wanafunguka uso kabla hujasema la pili.

Sasa Apoka. Hapo ndo makao ya park, kuna banda za kulala na sehemu ya kupiga tenti, swala na ngiri wanapita karibu na sufuria yako. Park yenyewe ni ya tangu 1962, kilomita za mraba 1,442, na ukikaa tu pale juu ukaangalia bonde la Narus jioni unaona nyati weusi mpaka macho yanachoka. Lakini wengi wanaishia hapo, wanaona simba wanarudi. Sisi tulitaka mlima.

Bei ya ranja si kubwa. Kinachouma ni gari ya kukufikisha chini ya mlima, na gari ni ile ile mkiwa wawili au watano, kwa hiyo tulikaa tukisubiri mpaka tukapata vijana wawili wa Gulu tukachanga mafuta. Fanyeni hivyo, ongeeni na watu pale kantini, usione haya.

Tuliondoka kabla hakujapambazuka. Ranja wetu alikuwa na bunduki begani na maneno machache, akatupanga mstari, yeye mbele, wifi wa kwanza nyuma yake, akasema, "Dada zangu, twendeni pole pole, jua likitoka huku halina huruma." Na kweli pole pole, kila tukifika kwenye mwinuko mkali anasimama yeye kwanza, anajifanya anaangalia kitu mbali ili sisi tuvute pumzi bila kuaibika. Mlima ni kama mita 2,750, miguu inawaka, ila huduma ya namna ile sijawahi kuipata hata mahali pa ghali.

Juu kule wanaishi Waik. Ni kabila dogo sana, hawafugi ng'ombe kama majirani zao manake ng'ombe huleta wavamizi, wanalima na wanafuga nyuki. Kijiji kimezungushiwa uzio wa fito na miiba, mlango wake uko chini na ni mwembamba, ilibidi tuvue mabegi tuyasukume ndani kwanza halafu tuingie tumeinama mpaka magoti yanagusa udongo, na ndani tena kuna uzio mwingine wa kila familia. Mama mmoja alitutolea asali kwenye kibuyu, nyeusi, ina vipande vya masega na harufu ya moshi, wifi akalamba vidole mbele za watu, mama akacheka akamuongeza. Tulinunua.

Nina neno moja hapa na nalisema kwa uchungu. Wale watu walitolewa kule bondeni lilipotengwa kwa ajili ya wanyama, halafu leo mgeni anapanda na kamera anamwekea bibi wa watu usoni bila hata kumsalimia. Tulikuta kundi moja linafanya hivyo. Ranja wetu aliwakataza kwa heshima na nikampenda zaidi kwa hilo. Sheria inasema asilimia 20 ya kiingilio cha park irudi kwa jamii zinazoizunguka, ni jambo zuri, lakini asali, mkeka, kibuyu, nunua huko huko juu, pesa iingie mkononi mwa aliyetengeneza.

Kushuka ni magoti tu. Fimbo ni lazima. Maji beba lita tatu kila mtu, usipunguze.

Tenti yetu zipu iliachia usiku wa mwisho na fisi wanalia karibu, tukaishona kwa uzi wa viatu tukalala, askari wa zamu walikuwa wamewasha moto hapo jirani. Kagueni zipu kabla hamjalipia. Netiweki inakuja na kupotea, pawabenki ni muhimu.

Kanangorok, kule kwenye chemchemi za maji moto karibu na Sudan Kusini, hatukufika manake gari haikupatikana. Kama kuna mtu anapanga kwenda kiangazi kijacho na ana nafasi mbili kwenye gari, niandikie, mafuta tutachangia na chakula tutapika sisi.