Samadi ya mbuzi: kwa maua nyota mbili, kwa mboga nyota tano

Nilinunua magunia matatu ya samadi kwa ajili ya mawaridi, kwa muuza miche mmoja wa kando ya barabara huku Embakasi. Shilingi 400 kwa gunia, mkokoteni juu yangu.

Mabaya kwanza. Aliapa kwamba imeoza sawasawa. Nilipotia mkono guniani nikakuta joto, na vidonge vya mbuzi bado vizima, vimechanganyika na mabua. Samadi iliyoiva huwa imepoa, hufikichika, hunukia udongo. Hii ilinuka zizi. Ukiirundika mbichi hivyo shinani, huunguza mizizi.

Mwenye mkokoteni ndiye aliyeniokoa. Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza, na huu udongo wetu mweusi ukilowa hung'ang'ania gurudumu, kiatu na hata kuku. Akagoma kuingia ndani, akamwaga lundo lote kando ya ua wa mabati, akachukua chake akaenda zake. Nami ningebeba na nini kwenye tope lile?

Basi lundo likaota. Terere kwanza, yaani mchicha, nyekundu na kijani, ikashona kama zulia. Kisha managu, yaani mnavu. Halafu mlenge, ambao sasa umeparamia mabati na kuning'inia kwa jirani. Mbegu za terere ni ndogo mno, nyingine hupita tumboni mwa mbuzi zikatoka salama, na lile joto la guniani halikuwa limefika kiasi cha kuziua. Mlenge nadhani ulitokana na mabaki ya jikoni waliyotupiwa mbuzi.

Terere ukiikata kichwa hutoa matawi ubavuni, kwa hiyo tunachuma tu. Managu tunachemsha, tunamwaga maji, tunatia maziwa. Jirani yangu, mzaliwa wa Kakamega, huja kuchuma seveve, yaani majani ya mlenge, upande wake wa ua. Juzi akaniambia, "Baba Kevo, kumbe wewe ni mkulima hivi! Nifundishe." Nikamshauri amwagilie jioni. Ushauri wenyewe si mbaya.

Mawaridi yangali yanasubiri lundo lipoe, na kwa upande huo muuzaji hajanitendea haki. Ukiwa na haraka ya maua, nenda kwingine, na utie mkono guniani kabla ya kulipa. Mimi nitarudi kwake mvua za Oktoba zikikaribia. Nitamwomba magunia kutoka zizi lilelile, na bei lazima ishuke, kwa kuwa hajui anauza mbegu.