Eafoni za buku nne: zimeniudhi, ila ngoja kwanza

Naandika hapa nikiwa na hasira bado, mnisamehe. Kama mwezi na kitu hivi umepita nilinunua eafoni za waya Kariakoo, mtaa wa Aggrey, buku nne. Boksi limeandikwa jina la kampuni kubwa kabisa ila herufi moja imerukwa, nikacheka nikalipa. Mimi sina makubwa, nataka redio ya mechi kwenye daladala basi, na redio ya simu yangu bila kuchomeka waya haishiki maana ule waya ndo antena yenyewe, sasa zile zisizo na waya za mdogo wangu na mbwembwe zake zote kwenye FM ni hereni tu.

Sauti siwezi kudanganya, nzuri. Besi imezidi, inammeza mtangazaji, na ukipandisha sana inakwaruza, lakini ndani ya gari la Mbagala konda anavyogonga bodi nani atayasikia hayo.

Basi siku ya Simba na Yanga, nimebanwa dirishani, kipindi cha pili, sikio la kushoto likakata. Nikazungusha waya pale kwenye shingo ya pini ikarudi, nikiachia inakata. Safari nzima nimeuminya kwa kidole gumba kama nimeshika kidonda, baba wa siti ya nyuma kila dakika "mwanangu ngapi ngapi?" na mimi hata sijui nani kapiga kona.

Ila kilichoniudhi sio kufa. Kitu cha buku nne kikifa sishangai. Kesho yake nikarudi dukani, kwa adabu kabisa, "kaka samahani", yule kijana hata kichwa hakuinua kwenye simu yake. "Sista, buku nne unataka ukazeeke nayo?" Wenzake wakaangua kicheko. Na huyuhuyu siku ya kuuza aliniita mrembo, akanifungulia boksi mwenyewe, akanijaribishia nyimbo mbili, "hizi hazifi dada'angu". Leo nimekuwa sista. Wallahi hela sikuitaka, angenipa pole tu ningeondoka zangu.

Nikasema takataka hizi, sinunui tena na mtu asinunue. Jioni nikampelekea fundi simu wa mtaani kwetu, kusema kweli nilienda kulalamika tu. Akakata pini, akachuna waya, ndani kumbe nyuzi nyembamba kama nywele, nyekundu, kijani na nyingine rangi ya shaba, akaziunguza ncha kwa kiberiti kwanza, anasema ile rangi ni kama vanishi, usipoichoma risasi haishiki. Akachomelea pini nyingine. Buku. Hata soda sijamaliza. Na sasa kushoto kunapiga kuliko kulia!

Kwa hiyo buku tano jumla na zinafanya kazi, siwezi kusema msinunue. Nunueni, ila ukiwa palepale dukani jaribu masikio yote mawili huku unaupindapinda waya kwenye pini, ikikwaruza tu rudisha, usikubali kuitwa mrembo. Hapana, bado nina hasira jamani, kwa yule kijana sikanyagi hata akigawa bure. Ingawa juzi nimepita kwa mbali nikaona kaleta za bluu.