Tahadhari: Kanjanja wa kipaa cha mlangoni anayetaka arubuni nono

Ndugu zangu mnaotaka kuongeza kipaa cha pande mbili juu ya mlango wa mbele, kuna fundi anayebisha hodi na simu iliyojaa picha za vibaraza ambavyo hakuvijenga yeye. Bei yake ni ya chini kuliko ya mafundi wote. Mbao na bati anataka anunue mwenyewe, na arubuni anayodai ni karibu fedha yote. Jina simtaji, maana wa aina yake ni wengi. Mimi ni seremala, na kazi za namna hii huitwa kuzibomoa, kwa hiyo naandika ninachokikuta silingi bodi ikishang'olewa.

Kwanza, ubao unaobeba kipaa ukutani. Huo hufungwa kwa bolti zinazoingia kwenye lenta (boriti ya juu ya mlango) au tofali lenyewe. Yeye anaupigilia misumari juu ya plasta, kisha anapaka rangi. Kumbuka kibaraza kiko wazi, upepo huingia chini na kukisukuma kipaa juu, kwa hiyo haitoshi kilalie nguzo tu. Lazima kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, zifungwe kwa mikanda ya chuma hadi kwenye nguzo, na nguzo ziwe na msingi wake. Nimekuta nguzo imesimamishwa juu ya vigae, imezungushiwa saruji kidogo ya kuficha aibu.

Ujanja unaonikera kuliko yote ni wa kuondoa mbao ya chini ya kenchi, ile inayofunga miguu miwili isiachane. Atakuambia anaitoa ili mlango uonekane mrefu. Kumbe anabana mbao. Bila hiyo, pande mbili za kipaa zinasukumana nje kila siku, nguzo zinaanza kuinama, na mgongo wa paa unabonyea katikati. Inawezekana kutoiweka, ndiyo, lakini hapo juu panahitajika boriti nene inayobebwa na nguzo au ukuta pande zote mbili. Muulize boriti hiyo iko wapi.

Maji nayo. Kipaa kinapokutana na ukuta, bati la kuzuia maji huingizwa kwenye mfuo uliochongwa ukutani. Kinapoungana na paa la zamani, mfereji wa bondeni, pale miteremko miwili inapokutana, hupita chini ya bati za pande zote mbili. Kanjanja anapaka silikoni tu. Baada ya muda inabanduka, na maji yanateremka ndani ya ukuta juu kabisa ya mlango wako. Ukiona silikoni nyingi kwenye maungio, mkatalie asiendelee.

Kwenye vifaa, anayenunua bila wewe kuwapo ana nafasi ya kukubadilishia. Namba ya geji, yaani kipimo cha unene wa bati, ikipanda, bati linakuwa jembamba: mmekubaliana 28, analeta 30, na kwa macho tu hutajua. Mbao "za dawa" nyingine zimepakwa rangi ya kijani tu. Kata ncha ya ubao utazame: dawa ya kweli huwa imepenya ndani, si ngozi ya juu peke yake.

Kwa hiyo lipa kwa hatua: msingi na nguzo, kenchi, kuezeka, na kiasi kibaki mpaka mvua kubwa ipite. Andikeni makubaliano, hata karatasi moja yenye vipimo na aina ya mbao. Kama eneo lako linadai kibali cha ujenzi, kipate kabla, asikudanganye kwamba kipaa "hakihesabiki". Na hakuna silingi bodi kupigwa kabla hujapanda ngazi ukaona maungio na kuyapiga picha. Akianza kununa au kusema ana haraka ya kazi nyingine, usitoe malipo ya hatua inayofuata.

Aliyekwisha kutoa arubuni na fundi ameingia mitini, asifute ujumbe wake wala risiti ya muamala. Piga picha kila kilichojengwa kabla fundi mwingine hajagusa, ndipo uende kushtaki.