Dogo kasoma useremala mwaka mzima, haya ndo niliyoyaona

Kamwene jamani. Wengi mmeniuliza chuo alichosoma mdogo wangu huku Mufindi kikoje. Jina naliacha maana nitasema na mabaya.

Dogo alimaliza la saba akakaa nyumbani miaka miwili anabebea watu mbao tu, nikamlipia useremala wa mwaka mmoja, bweni. Bweni sawa, maharage kila siku, ila baridi ya Juni na Julai mnaijua, mpe mtoto blanketi mbili.

Kikubwa alichopata pale ni kuijua mbao yenyewe. Tunaishi katikati ya paina, Sao Hill ndo shamba kubwa la miti la serikali nchi nzima, lakini mafundi kibao mtaani wanachukua mbao mbichi imetoka tu kwenye msumeno wanapiga mlango, miezi mitatu umepinda haufungi. Mwalimu wao alikuwa hataki kabisa huo mchezo. Mbao zinapangwa kivulini, kila tabaka unaweka vijiti upepo upite, juu unagandamiza na mzigo, halafu mnasubiri wiki na wiki, dogo ananipigia simu analalamika eti hawajashika randa bado. Sa hivi kabati alilomtengenezea mama limepita mvua zote na droo zinavutika vilevile kama siku ya kwanza, mama anamwonyesha kila mgeni.

Kilichoniuma ni mashine. Ya kuranda ilikuwa moja, ikaharibika katikati ya mwaka, wakafundishwa kwa kuchorewa ubaoni, alivyoenda fildi hajui hata kuiwasha, fundi wa pale ndo akamuonea huruma akamuelekeza. Na hela ya vitendo nililipa yote, hakuna aliyeniambia kitu, yaani hilo bado linaniuma.

Lingine, karudi na cheti lakini hana hata patasi. Halmashauri zina mikopo isiyo na riba ya ile asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, yaani asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu, ila kijana lazima awe na kikundi, na wenzake wa darasani wengine wako Makambako wengine Njombe, halmashauri tofauti. Kwa hiyo unayempeleka mtoto mwambie mapema atafute wa halmashauri moja naye wakiwa bado hukohuko chuoni. Wa kwetu nimehangaika mwenyewe kumuunganisha na vijana wa kata ya jirani, katiba ya kikundi tumempelekea afisa maendeleo ya jamii wiki iliyopita, tunasubiri.