Makumbusho ya Sperlonga, Italia: nendeni mkamwone Scylla

Ukiwa Roma au Napoli na una siku ya ziada, panda treni uende Sperlonga. Ni mji mdogo wa pwani kati ya miji hiyo miwili, na nje yake kidogo, karibu kabisa na bahari, kuna makumbusho ya mambo ya kale ambamo wanatawala mazimwi wawili wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale: Polyphemus mwenye jicho moja, na Scylla mla mabaharia. Tiketi moja inakuingiza ndani na pia kwenye pango walimokuwa.

Mimi nilimfuata Scylla. Katika Odisea, utenzi wa Homer kuhusu safari ya shujaa Odysseus kurudi kwao, ana miguu 12 na shingo 6, na kila kinywa kina safu 3 za meno. Mchawi Circe anamwonya Odysseus kwamba bora apoteze watu 6 kuliko wote. Odysseus hawaambii wenzake neno. Anavaa silaha, anasimama omo, mbele ya merikebu, na mikuki miwili, na anapogeuka tayari wenzake sita wako hewani, wanaliita jina lake. Sehemu hiyo hunikaba koo kila nikiisoma.

Wachongaji walimfanya mwanamke, na kiunoni mwake wakachomoza mbwa wanaotafuna watu. Marumaru ilikutwa imevunjwa maelfu ya vipande, na sehemu kubwa ya mwili wake wa juu haipo. Lakini mkono upo! Mkono mkubwa umemshika mshika usukani utosini, vidole vimezama kwenye nywele zake, naye bado anang'ang'ania tezi ya merikebu. Nilizunguka hapo muda mrefu. Zimwi mwenyewe hayupo, ila hofu yake yote imebaki kwa yule mtu. Kwenye merikebu hiyohiyo wachongaji watatu wa kisiwa cha Rhodes, Ugiriki, wameandika majina yao: Athanodoros, Agesandros na Polydoros.

Polyphemus amesimamishiwa mfano wa plasta wa ukubwa kamili: jitu limelala, limelewa, Odysseus na wenzake wanasukuma mti wenye ncha kuelekea jichoni. Unasaidia kuelewa tukio. Vipande vya asili ndivyo vilivyonigusa, hasa kichwa cha Odysseus mwenye kofia, kinywa wazi, na yule mwenzake aliyebeba kiriba cha mvinyo.

Sanamu hizi ziligunduliwa mwaka 1957, barabara ya pwani ilipokuwa ikijengwa. Zilipotakiwa kuhamishiwa Roma wakazi waliziba njia, na makumbusho yakafunguliwa hapohapo mwaka 1963. Nawashukuru kwa dhati, maana ukitoka mlangoni unashuka moja kwa moja hadi pangoni.

Humo Kaisari Tiberius, mtawala wa Roma ya kale, alikuwa akiandaa karamu, wageni wakila huku Scylla amesimama mbele yao katikati ya bwawa la duara. Mwaka 26 baada ya Kristo mawe ya pango yaliporomoka wakati wa chakula yakaua watu, na Sejanus, mkuu wa walinzi wake, akamkinga Kaisari kwa mwili wake.

Msianze na pango. Sasa hivi ni mwamba, maji na samaki tu, na bila kuwa na ule mkono wa Scylla akilini mtapita haraka. Wenye watoto, wasimulieni habari za Polyphemus mkiwa njiani. Kituo cha treni ni Fondi-Sperlonga, kwenye njia ya Roma na Napoli. Kutoka hapo bado kuna safari ya basi au teksi hadi pwani.